Mahali na Mahari

Msomaji mwema, nakuomba univumilie katika jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo. Ni jambo la herufi moja.

Miaka michache iliyopita nililetewa shairi kwa njia ya simu. Mtunzi wake ni kijana wa upande wa Tarime, aliyehamia Mugumu, wilayani Serengeti, kutafuta riziki. Lilikuwa tarbia ya beti sita, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane ukwapi na nane utao, na mizani hizo zilikuwa zimetimia bila kulazimishwa. Lakini katika ubeti wa kwanza palikuwa na kipande hiki: “Sina mahari pa kwenda”. Shairi lilikuwa limepita katika mikono mingi kabla ya kunifikia, na kila mkono ulikuwa umeongeza kicheko chake. Mmoja aliuliza kama siku hizi watu husafiri kwa ng’ombe wa kuolea. Mwingine aliandika, “Huyo ni Mkurya, msameheni.” Hakuna hata mmoja aliyesema neno juu ya ubeti wa pili, wala wa tatu, wala wa sita; nao wa sita ndio uliolibeba shairi lote.

Mimi nami ni Mkurya. Sikucheka, ila sikukasirika pia, kwa kuwa najua kosa hilo linatoka wapi. Nalijua kama mtu ajuavyo kovu lililo mguuni pake.

Kikurya hakina sauti ya l. Anayetaka ushahidi na ayapitie majina ya kwetu: Tarime, Sirari, Muriba, Itiryo, Nyarero. Apitie na majina ya koo: Wairegi, Wanchari, Watimbaru, Wakira, Wanyabasi. Ataikuta r imejaa, lakini l hataiona. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo huingia darasani na sauti moja pale ambapo Kiswahili kina mbili. Mwalimu humwambia, “Andika kama usemavyo,” na hiyo ndiyo sifa kubwa ya maandishi ya Kiswahili, kwamba husomwa kama yaandikwavyo. Mtoto hutii. Huandika kama asemavyo, na kwa utiifu huohuo huandika “kurara”, “kuripa”, “karamu ya kuandikia”. Sifa ambayo ni msaada kwa mtoto wa Unguja huwa mtego kwa mtoto wa Tarime.

Kisha huja adhabu ya pili, ambayo wacheshi hawaijui. Mtoto akishachekwa vya kutosha, huanza kuiogopa r yenyewe, hata ile iliyo halali. Akiwa mtu mzima huandika “balabala”, “halaka”, “kuludi”. Mtu wa namna hiyo haandiki tena kwa sikio wala kwa kamusi. Huandika kwa hofu. Majirani zetu Wasukuma, ambao lugha yao huelekea upande wa l, hukutana nasi sokoni Mugumu wakitoka upande wa pili wa kosa lilelile, na mara nyingi tunasikilizana vizuri. Sokoni mtu anauona uso wa mwenzake, anaona kidole kinachoelekezwa kwenye gunia, na anaweza kuuliza. Maandishi yakishatumwa, mwandishi hayupo kuulizwa.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Wapo wasemao kwamba imla na sarufi katika maandishi ya mtandaoni ni mapambo tu. Kwamba lililo muhimu ni kuelewana. Sitaki kuipuuza hoja hiyo, maana ina upande wenye nguvu kuliko wenyewe wanavyoutaja. Wanaweza kuuliza: usahihi huu ni wa nani? Mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa mwaka 1928, nchi zikiwa chini ya wakoloni, na Kamati ya Lugha iliyofuata mwaka 1930 ilikuwa chombo cha serikali hizohizo. Mchungaji wa Tarime hakuulizwa. Washairi wa Mombasa na wa Lamu walikuwa na fasihi kongwe kuliko kamati yoyote, na hata leo wapo wenye kinyongo na mambo yaliyoamuliwa. Kwa nini basi kijana wa Mugumu abebeshwe aibu kwa kanuni ambayo hakuitunga?

Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba aibu asibebeshwe, lakini kanuni aichukue. Barabara ya Musoma hadi Sirari ilipimwa na watu ambao hawakutuuliza, nasi twaipita kila siku kwenda kuzika, kuoa na kuuza. Kanuni ya tahajia ni njia ya namna hiyo. Haina utukufu wa peke yake. Faida yake ni kwamba wasiojuana wanaweza kukutana juu yake.

Wazee wa visiwani na wa pwani wanalijua hili kuliko sisi wa bara, kwa kuwa wao waliandika kabla yetu. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Irabu za Kiarabu ni tatu, nazo za Kiswahili ni tano. Kwa hiyo e na i zilivaa alama moja, na o na u zikavaa alama moja. Hazikuwapo herufi maalumu za baadhi ya konsonanti zetu pia. Hakuna aliyewaita waandishi hao wajinga, na hawakuwa wajinga. Msomaji wa utenzi alikuwa anaujua utenzi. Mara nyingi aliyeusoma kwa sauti alikuwa ameusikia kabla ya kuuona. Maandishi yalikuwa ya kumkumbusha mtu ajuaye. Hata hivyo, katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alijitaabisha kuziongezea herufi hizo alama, ili kila sauti ya Kiswahili ipate makazi yake. Naamini alitambua kwamba maandishi yana wasomaji wawili: anayekufahamu na asiyekufahamu. Huyu wa pili hana cha kushika ila herufi ulizomwachia.

Maandishi ya mtandaoni ni ya msomaji huyu wa pili kuliko maandishi yoyote yaliyopata kuwapo. Ujumbe ulioandikwa Mugumu alasiri husomwa Muscat kabla ya magharibi, na mtu ambaye hajui kama mwandishi ni mzee au kijana, anatania au analia. Yeye hawezi kusema, “Ah, huyu ni wa Tarime, hiyo r yake ni l.” Ajuaye kusema hivyo ni jirani, na hata jirani, kama tulivyoona, husema hivyo kwa kejeli.

Nalitazama tena lile neno la ubeti wa kwanza. “Sina mahari pa kwenda”. Ukilitenga neno la pili, maana imepotea: mwana hana ng’ombe wa kuolea. Lakini lisome pamoja na lile lifuatalo. Kiunganishi ni pa, na katika Kiswahili pa hakiwezi kufuatana na mahari. Mahari ingedai ya. Basi sarufi ya kijana ilikuwa imemwokoa pale imla ilipomwangusha. Upatanisho ulimwambia msomaji makini kwamba hapa panazungumzwa mahali. Aliyecheka hakuwa msomaji makini. Hili ni jambo ambalo nadra kulisikia likisemwa: imla na sarufi huchukuana kama watu wawili wabebao jeneza. Mmoja akijikwaa, mwingine huweza kulishikilia kwa hatua chache. Wakijikwaa wote wawili, maiti huanguka.

Sasa tazama hali ya maandishi yetu. Upatanisho nao unaachwa. Twasoma “mahali yangu”, “kitu yako”, “watu hizo”, na waandikao hivyo aghalabu si watoto wa Tarime. Ni watu waliozaliwa katika miji ambako Kiswahili ndicho lugha ya kwanza. Twasoma “xaxa” kwa sasa na “cjui” kwa sijui. H yapotea panapostahili na kuchipuka pasipostahili, “apa” kwa hapa na “haliyekuja” kwa aliyekuja. Wale wanaomcheka kijana wa Kikurya kwa r yake hawaulizwi kwa nini wao, waliopewa sauti zote na mama zao, wanazitupa njiani.

Kwa hiyo naona ni haki kuyatenga makosa haya katika mafungu matatu. Lipo kosa la ulimi, ambalo chanzo chake ni lugha ya mama; hilo lina historia na linastahili mafundisho. Lipo kosa la haraka, ambalo mwandishi angeliona lau angesoma tena alichoandika kabla ya kukituma. Hilo linastahili kukumbushwa. Na lipo kosa la mbwembwe, ambalo hufanywa makusudi ili mtu aonekane wa kisasa. Hilo la tatu silichukii likibaki baina ya marafiki, kwa kuwa kila rika lina lugha yake ya utani. Latisha likihamia katika barua ya kuomba kazi, katika tangazo la msiba na katika shairi. Ajabu ni kwamba katika mafungu haya matatu, sisi tunacheka lile la kwanza tu, ambalo ndilo lisilo na hatia.

Wala msomaji asidhani kwamba nazungumzia mashairi pekee. Katika wilaya zetu herufi huweza kumzuilia mtu njia. Majina ya wanawake wa kwetu ni kama Bhoke, Robhi, Ghati. Hizo bh na gh hazikuwekwa kwa urembo. Zinajaribu kushika sauti laini za Kikurya ambazo b na g za Kiswahili hazizishiki. Lakini karani mmoja huandika Ghati, mwingine Gati. Mmoja Bhoke, mwingine Boke. Zamani haikudhuru, kwa kuwa mwenye jina alisimama mbele ya karani na kusema, “Ni mimi.” Leo fomu hujazwa mtandaoni, na mashine hulinganisha jina na jina, herufi kwa herufi. Binti mmoja wa ukoo wetu alimaliza masomo na kufaulu; cheti cha kuzaliwa kilikuwa na h, cha shule hakikuwa nayo. Mashine haikumtambua kuwa ni mtu mmoja. Ilimlazimu kutafuta wakili, kulipa fedha ya hati ya kiapo, na kuapa kwamba yeye ni yeye. Siku za maombi zilikuwa karibu kwisha. Aliwahi, lakini kwa kuuza mbuzi wa mama yake.

Hata jina letu wote limegawanyika. Kusini mwa mpaka, Sirari, tunaandikwa Wakurya. Kaskazini, Isebania, ndugu zetu waandikwa Wakuria. Ni watu wamoja, koo zimevuka mpaka, na wengine huvuka asubuhi na kurudi jioni. Lakini mjukuu akiketi Nairobi au Dar es Salaam na kutafuta habari za babu zake kwa tahajia moja, atapata nusu ya maandishi na kudhani ni yote. Sisemi ipi ni sahihi. Nasema tu kwamba tahajia mbili zimefanya kazi ambayo mpaka wenyewe haujaweza kuifanya.

Narudi kwenye ushairi, ambako nina ujuzi kidogo, na ambako kosa la ulimi huuma zaidi. Katika ubeti wa tatu wa lile shairi kijana alikuwa ameoanisha hasira na kulala, akaviita vina. Sikio langu la utotoni likasema vina vimetimia. Sikio nililojipatia ukubwani kwa kamusi likasema vimevunjika. Nilikaa kitambo na masikio hayo mawili. Kwa kanuni ya mashairi yetu, silabi ya -ra na silabi ya -la hazina udugu. Na kijana hakuwa mvivu wala mwenye haraka. Alisikia kina ambacho hakipo. Hakuna mtu angeweza kumwonyesha hilo kwa kumwambia asikilize vizuri, kwa kuwa alikuwa anasikiliza vizuri sana. Njia iliyopo ni moja, nayo ndiyo niliyoipita mimi: jicho lifundishe mkono, kisha mkono uufundishe ulimi. Sikusoma chuo. Niliishia darasa la saba, na shule iliyobaki niliifanya kwa kamusi niliyoinunua imeshafunuliwa na wengine hadi jalada limetoka. Niliandika katika daftari maneno mawili mawili: kura na kula, mbari na mbali, karamu na kalamu, mahari na mahali. Kila jozi ilikuwa sentensi mbili nilizozitunga mwenyewe. Daftari hilo ningali nalo.

Wala sioni haya kusema kwamba nilijifunza, kwa kuwa mkubwa wetu alijifunza. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922 Butiama, katika mkoa huuhuu wa Mara, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Wa kwao ni Wazanaki. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwaka 1969 ikatoka tena, imesahihishwa, na hata jina lake limevaa tahajia ya Kiswahili: Juliasi Kaizari. Alikuwa rais wa nchi. Hapakuwa na mhariri wa kumlazimisha, wala msomaji ambaye angethubutu kumcheka hadharani. Alirudi kwenye kazi yake mwenyewe kwa sababu aliona yafaa kurekebishwa. Kila nikikutana na mtu anayesema kwamba kusahihishwa ni kudhalilishwa, huwaza juu ya miaka hiyo sita.

Sasa nimalizie kwa kukiri kosa langu, ambalo ndilo lililonifanya niandike insha hii.

Nililisahihisha lile shairi. Nilibadili r zilizopotea njia zikawa l, nikapendekeza vina vipya katika ubeti wa tatu, nikafika ubeti wa sita. Hapo palikuwa na kipande: “Mahari imenishinda”. Nilikuwa nimeshazoea. Nikajisemea, kijana ni yuleyule, kosa ni lilelile, na safari hii hata upatanisho umemponyoka. Nikaandika: “Mahali pamenishinda”. Mizani nane zikatimia. Nikaridhika, nikampelekea.

Jibu lake lilikuja jioni. Aliandika: “Shikamoo mzee. Pa kwanza umenisaidia, asante sana. Ila pa mwisho nilikuwa nasema mahari yenyewe, ng’ombe. Ndiyo maana niliondoka nyumbani.”

Nililisoma shairi upya. Ilikuwa hivyo. Beti tano zilikuwa zikimzungusha mtu asiye na pa kwenda, bila kusema kilichomfukuza. Na wa sita ndio uliofichua. Alikuwa ameshindwa kutoa ng’ombe, msichana akaolewa na mwingine, naye akaona haya kukaa kijiji kimoja nao. Na sarufi yake ilikuwa imeniambia. Aliandika “imenishinda” kwa sababu mahari hudai i. Mimi, mwenye daftari na kamusi, niliufuta ushahidi huo kwa mkono wangu, nikiwa na yakini kwamba namsaidia. Kwa kusahihisha nilikuwa nimeua shairi.

Nani wa kulaumiwa? Mimi kwanza, kwa kuwa nilisoma kabila lake badala ya kusoma ubeti wake, na kwa hilo sikutofautiana sana na wale waliocheka. Lakini lipo na funzo kwake, nami nilimwambia, naye alikubali. R zake za uongo zilikuwa zimeinyima r yake ya kweli imani ya msomaji. Hasara ya kosa la imla haiishii pale lilipo. Pale lilipo, msomaji makini huweza kulivuka, kama pa ilivyotuvusha katika ubeti wa kwanza. Hasara kubwa iko mbele, siku mwandishi atakapoandika neno sahihi, zito, alilolitafuta usiku kucha, na msomaji akalipita akidhani ni kosa jingine.

Kwa hiyo, kwako kijana uandikaye kwa simu kutoka Nyamongo au Mugumu, sikuombi uibadili lafudhi yako. Sema kama bibi yako. Lafudhi ni mali yako, imla ni mali ya wote wakutanao katika maandishi. Ukiishaandika, soma tena kabla ya kutuma. Penye l na r fungua kamusi, hata mara mia. Na kwako msomaji wa visiwani, uliyerithi sauti zote bila kuzitafuta: ukikutana na r mahali pa l, usicheke mpaka umefika ubeti wa mwisho.

Shairi lile sasa limekamilika. Ubeti wa tatu una vina vipya alivyovitafuta mwenyewe. Vyangu alivikataa, na vyake ni bora. Katika wa kwanza imo mahali, katika wa sita imo mahari, na hakuna anayeweza tena kudhani kwamba ni neno moja.